Zukini la Ortwin

Kisu kilipopenya, zukini lilitoa pumzi. Gerlinde aliisikia waziwazi, pumzi ndefu ya mtu aliyekerwa, na harufu ya nyongo ikampanda puani. Kwa macho lilikuwa zukini kama mengine, boga refu la kijani, limechumwa asubuhi hiyo kwenye bustani yao ya kukodi nyuma ya reli, hapo Bremen.

Alilikaanga hivyo hivyo. Mumewe, Ortwin, hakuwa mtu wa kuambiwa chakula cha bustani yake kitupwe. Miaka kumi na miwili hakununua mbegu. Alikausha zake mwenyewe, akazitia kwenye bahasha, na majirani walikuwa wamechoka na majigambo yake.

Mezani Gerlinde alionja, akatema. "Chungu! Ortwin, usile. Kitu hiki si kizima."

"Chungu ulimi wako. Sumu iko dukani, mama. Hili nimelilima mwenyewe, halijaguswa na dawa hata tone."

"Nimelisikia likihema."

"Basi lete nilinyamazishe."

Akamaliza sahani yake, akavuta na ya mkewe, akaifuta kwa mkate. Mbishi yule angekula hata kiatu, mradi kimeota kwake.

Kabla ya saa kumi alasiri alikuwa akitapika damu. Gari la wagonjwa lilipoondoka naye, jirani yao Mechthild, mkunga mstaafu aliyejua mitishamba na mambo yasiyosemwa kanisani, alinusa kikaango, akarudi nyuma.

"Nani alipanda maboga ya pambo kule bustanini? Yale ya kuweka mlangoni majani yakianza kupukutika?"

"Ortwin. Mwaka jana, ubavuni mwa zukini."

"Maboga yale yana mwenyewe, na si binadamu. Nyuki wamembeba, kaingia kwenye mbegu za zukini zenu. Ng'oa kila kitu, choma na bahasha zote, sasa hivi jua likiwapo. Ikibaki mbegu moja, huna mume."

Gerlinde alikwenda bustanini, akashika shina la kwanza, nalo likanguruma chini ya udongo, akavuta, na majani yakamkwaruza mikono kama kucha, na kutoka ndani ya kila zukini ukaja mlio mdogo wa kidole kikigonga, ko, ko, ko, ukimfuata hadi kwenye moto, na hata bahasha zilipoungua alisikia mtu akitukana ndani ya moshi, kwa sauti nene, akimtaja kwa jina lake la usichana.

Kesho yake mchana alikaa kando ya kitanda cha Ortwin hospitalini. Mumewe alikuwa na rangi ya nta. Gerlinde alimpenda, pamoja na ubishi wake wote, akamshika mkono.

"Nimechoma mbegu zote, mume wangu," alinong'ona. "Haijabaki hata moja. Utapona."

Midomo ya Ortwin ilikuwa imefungwa. Ilikuwa bado imefungwa wakati sauti nene ilipouliza kutoka chini ya blanketi:

"Na zile alizomeza?"