Chumba cha Saba

Nilipokuwa darasa la sita, kila asubuhi nilikwenda shule na dumu la maji la lita tano. Mji wetu wa Same ni mkavu, na bustani ya shule ilitutegemea sisi. Njiani upepo ulinijaza vumbi machoni, nami niliukemea kwa sauti kana kwamba unasikia. Mama husema mdomo wangu uliumbwa kabla ya miguu. Sikatai.

Jumatatu moja nilitembea haraka kuliko siku zote. Mwalimu Asheri, mwalimu wetu wa sayansi, alikuwa ametutafutia ziara katika makumbusho ya hadithi za kubuni za sayansi. Makumbusho hayo hayapo katika mji wowote, yapo mtandaoni tu. Unaingia kwa kompyuta, unapewa mtu wa kuchorwa, halafu unamtembeza vyumbani ukiangalia roboti, vyombo vya angani na miji iliyobuniwa na waandishi. Kompyuta nzima ilikuwa moja, kwa hiyo tungeingia kwa zamu, kundi moja kila siku. Kundi letu lilikuwa la kwanza.

“Kesho yake mtasoma ripoti mbele ya darasa,” alisema mwalimu. “Kundi litakaloshinda litatuwakilisha kwenye mashindano ya sayansi Moshi.”

Sikuwahi kufika Moshi. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu kingine chochote.

Tulikuwa watatu: mimi, Hamidu na Sumaiya. Tulimtembeza mtu wetu hadi chumba cha kwanza, palipoonyeshwa sayari moja kame. Wakazi wake walijaza bwawa usiku, na asubuhi waliyafungulia maji mashamba kwa zamu. Nilicheka. Babu yangu Eliezeri, kule Chome, amefanya hivyo tangu hajaota ndevu, na bwawa lile sisi Wapare tunaliita ndiva.

“Ila hawa wamekosea,” nilisema. “Tundu la kutolea maji wameliweka juu. Maji ya chini yatatokaje?”

“Jenifer, acha ubishi,” alisema Hamidu. “Twende chumba cha pili.”

Hatukwenda. Mtandao ulikatika pale pale, na haukurudi mpaka kengele ikalia.

Asubuhi ya pili Hamidu alikuja na karatasi iliyojaa maandishi. Alikuwa amechukua simu ya kaka yake, akanakili maelezo ya vyumba vyote kwenye ukurasa wa makumbusho. Ripoti ilianza hivi: “Tulitembelea vyumba vyote saba.”

“Tuliona kimoja,” nilisema.

“Nani atajua? Au unataka tukose Moshi kwa sababu ya mtandao?”

Sumaiya alitia jina lake. Nami nikatia langu. Ndiyo, nilitia, na sijitetei.

Hamidu alisoma vizuri, kama mtangazaji wa redio. Alipofika chumba cha tatu niliacha kumsikiliza. Nilikumbuka likizo ya Desemba, tulipofanya msaragambo kule Chome, yaani kazi ya kijiji kizima, kusafisha mfereji wa ndiva. Kila mtu alipewa hatua kumi. Mimi nilisafisha saba, tatu nikazifunika kwa majani, nikasema nimemaliza. Maji yalipofunguliwa yalikuja vizuri mpaka kwangu, yakasimama. Watu wote waliniangalia. Babu hakunigombeza, alinipa jembe tu, na aibu ile naijua mpaka leo.

“Na chumba cha saba,” aliuliza Mwalimu Asheri, “mlikionaje?”

“Kilitupendeza sana, mwalimu,” alijibu Hamidu.

Nilisimama. Sumaiya alinivuta sketi, nikautoa mkono wake.

“Hatukukiona, mwalimu. Wala cha pili hatukukiona. Tuliona kimoja tu, mtandao ukakatika. Jina langu lipo hapo kwa sababu nililitia mwenyewe, na sasa naomba nilifute.”

“Unatuharibia,” Hamidu alininong’oneza.

“Kama ni kukosa Moshi, tukose,” nilisema, tena kwa sauti. “Lakini kile kimoja nilikiona kwa macho yangu, na kina kosa.”

Darasa zima lilicheka. Mwalimu Asheri hakucheka.

“Wewe Jenifer wa hapa Same unawasahihisha wenye makumbusho?”

“Ndiyo, mwalimu. Hawajawahi kusafisha ndiva.”

Alinipa chaki. Nilichora bwawa, nikachora tundu chini kabisa na kizibo chake, nikaeleza maji yanavyopita hadi kwenye mfereji. Kicheko kiliisha. Mwalimu aliuangalia mchoro, kisha akamgeukia Hamidu.

“Chumba cha saba hakijafunguliwa,” alisema. “Ukurasani kimeelezwa, lakini mlangoni pameandikwa kwamba bado kinatengenezwa. Nilikwenda mwenyewe kabla yenu. Ulipotaja vyumba saba nilijua, nikawa nangoja kuona nani kati yenu watatu atasema.”

Hamidu aliinamisha kichwa. “Naomba radhi, mwalimu.”

“Wiki nzima ijayo mtaleta madumu mawili mawili ya maji, wote watatu. Na Jenifer pia, maana alitia jina. Halafu mtaandika upya, chumba kimoja tu.”

Tuliandika, nami nikaweka humo hata habari ya zile hatua zangu saba kule Chome. Sumaiya alichora ndiva kwa rangi, na Hamidu, ambaye kwa kweli ana mwandiko mzuri, alinakili maneno yangu bila kuongeza hata moja. Makundi mengine yalisoma kuhusu vyumba sita. Ijumaa ya wiki iliyofuata, Mwalimu Asheri alitangaza kwamba kundi letu ndilo litakalokwenda Moshi.

Mvulana mmoja alilalamika kwamba sisi tuliona chumba kimoja tu.

“Ni kweli,” alisema mwalimu. “Ukisafisha hatua saba ukasema kumi, maji yatasimama mbele ya watu. Sema saba, watu wajue pa kukusaidia. Hawa mfereji wao ni mfupi, lakini maji yanapita.”

Niligeuka kumtazama Hamidu. Alikuwa anayatazama madumu yake mawili, nami nilikuwa na yangu mawili. Tuliyabeba mpaka bustanini, upepo ukitupiga, na safari hii sikuukemea.