Ndoo Isiyolowa

Ndoo ilikuwa kavu. Bwana Ulimi alikuwa ameshatema humo mara kadhaa, puu! puu!, kama wafanyavyo waonjaji wa mvinyo, lakini ndani hamkuwa na hata tone.

"Imetoboka," alisema. "Hata ndoo nzima hamna, jamani?"

Ndivyo alivyokuwa mtu huyo, mdomo mbele, adabu nyuma. Ulimi wake ndio uliomlisha. Akisifu mvinyo wako, unanunuliwa. Akikunja pua, wewe unafunga biashara. Kwenye kighala hiki cha mvinyo alikuja kwa miadi, yeye na mkewe, na pua alishaikunja tangu nyumbani.

Mjane mwenye ghala alisogea karibu. "Kaka yangu, nilikuambia tangu kwenye simu. Humu hamtemwi. Meza, au acha. Nyuma ya mapipa yupo mwenyewe, jini wa tangu enzi za baba mkwe. Ukimtemea, naye atakuonja."

"Jini! Labda panya." Alicheka peke yake. Akapiga funda jingine, akasukutua, akatema kwenye ile ndoo ya kudekia aliyoivuta mwenyewe kutoka mlangoni. "Maji ya kuoshea masufuria haya."

Nyuma ya mapipa, kitu kikameza. Koo lilisikika kabisa.

"Baba watoto," mkewe akanong'ona, "umesikia? Twende zetu, tafadhali."

"Woga tu umekujaa."

Akajimiminia. Safari hii mvinyo haukuwa na ladha, akaongeza, nao ukawa maji matupu kinywani, na harufu ya zabibu mle ndani ikageuka harufu ya mdomo wa mtu aliyeamka sasa hivi, ikasogea, ikampumulia joto shingoni, na yeye, badala ya kutimua mbio kama mwenye akili zake, akabaki palepale anasukutua na kutema, anasukutua na kutema, maana afadhali afe kuliko kukiri mbele ya mjane kwamba hasikii ladha yoyote.

Ndipo sauti ikatoka gizani nyuma ya mapipa. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na maringo yake yote.

"Maji ya kuoshea masufuria haya."

Puu!

Ndoo ikalia. Mkewe akachungulia. Ndani mlikuwa na kipande cha nyama, chekundu, bado kinachezacheza.

"Baba watoto," alisema, "hebu fungua mdomo."

Naye, kwa mara ya kwanza tangu amwoe, akaufumba.