Aliyesikilizwa Ni Mmoja

Foleni ya sukari pale duka la ushirika Karatu, mwaka 1983, ilimkutanisha Eunike na mambo mawili mazito kwa mpigo: barua ya mahakama na Olais. Eunike, nesi wa zahanati mwenye gauni jeupe lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa, aliikunjua barua asiielewe. Nyuma yake alisimama Olais, karani wa mahakama, kijana wa Piyaya aliyeacha seminari.

"Kaka, hili 'ex parte' ni dude gani?"

Olais aliliona jina la Mzee Josephati, akakwepa macho ya Eunike. "Kilatini, dada. Amesikilizwa mmoja, mwenzake hakuwepo. Aliyekosekana ni baba yako. Shamba la Oldeani limekwenda, msipoomba kesi isikilizwe upya ndani ya siku thelathini."

Kumi zilishapita. Mzee alikuwa ameikataa hati ya kuitwa shaurini. Kwake, karatasi usiyoishika haiwezi kukushika.

Olais aliahidi kuandika maombi. Mapenzi hayakungoja, simu ya zahanati ikawa haipoi.

"Nipe Kilatini kingine, mpenzi."

"Sine die. Kuahirisha bila kutaja siku."

"Kama wewe na posa yangu!"

Walicheka, lakini kuna jambo Olais alilificha. Siku ya ishirini na tano Eunike aliigeuza nakala ya hati iliyoambatanishwa na barua, akakuta saini ya Olais. Kumbe ndiye aliyeipeleka shambani, akaandika kwamba mzee amekataa. Akampigia simu papo hapo.

"Wewe ndiye uliyetumaliza!"

"Eunike, nisikilize, niliandika kilichotokea..."

Simu ikakatwa. Siku nne Olais alipiga, siku nne hakujibiwa.

Siku ya thelathini trekta geni liliegeshwa kwenye mibuni ya mzee. Habari ilipofika zahanati, Eunike alikimbilia mahakamani, viatu mkononi.

"Na mimi umenihukumu bila kunisikiliza," Olais alisema, akitoa maombi aliyokwisha kuyapiga chapa. "Nilificha kwa kuogopa kukukosa. Imebaki saini ya mzee. Ofisi inafungwa saa tisa na nusu."

Pikipiki ya Olais iliruka mashimo hadi Oldeani. Mzee alificha mikono nyuma.

"Baba, huyu ndiye nimpendaye. Shika hii karatasi!"

Mzee alisita, akasita mno, kisha akatia dole gumba. Waliporudi walikuta kufuli mlangoni pa mahakama.

Eunike alilia bila kujificha. Olais alimshika mkono uliojaa vumbi.

"Shamba sitaweza kulirudisha. Lakini Jumamosi wazee wangu wanakuja kwenu, popote mtakapokuwa."

"Jumamosi ipi?"

"Hii. Na baba yako atasikilizwa wa kwanza."