Mafuta ya Samaki ya Sunniva

Huku Lofoten, visiwa vya wavuvi kaskazini mwa Norwei, hakuna jiko lisilo na chupa ya mafuta ya ini la samaki. Kila asubuhi ya baridi, kijiko kimoja. Mama yangu, Torbjørg, alitubana pua tukameza, na mpaka leo anajivunia meno yetu.

Binti yangu Sunniva alizaliwa na utumbo uliojisokota. Madaktari wakalazimika kukata sehemu kubwa. Akawa analishwa kwa mrija ulioingizwa mshipani: mfuko mmoja wa sukari na protini, mwingine mweupe kama maziwa. Huo mweupe ulikuwa mafuta. Baada ya wiki kadhaa macho yake yakawa ya manjano. Ini lilikuwa linaumia, nami niliogopa kumpoteza.

Siku moja Mama aliingia wodini na chupa yake na kijiko.

"Mtoto anataka mafuta ya samaki, basi!"

Nesi Ragnhild akamshika mkono. "Bibi, weka chini hiyo! Ukimpa mdomoni, utumbo wake hauyawezi. Ukiyatia kwenye mrija, yataziba mishipa ya mapafu. Utamuua."

"Kwani wewe hukulelewa kwa kijiko?"

"Nilibanwa pua kama huyu mwanao," Ragnhild akacheka. Kisha akaeleza. "Mafuta ya mfuko huu yametengenezwa yawe matone madogo mno, yasiyo na vijidudu. Hatuwezi kuyaondoa kabisa, maana ubongo wa mtoto unayahitaji ukue. Ila haya ni ya soya peke yake. Yakitumika muda mrefu huweza kuumiza ini. Kesho daktari anambadilishia. Atapewa mchanganyiko wenye mafuta ya samaki."

Mama akavimba kichwa. "Si nilisema?"

"Ulisema samaki. Hukusema chupa ya jikoni."

Polepole macho ya Sunniva yakarudi meupe. Mimi na mke wangu Åse tukafundishwa kumlisha nyumbani. Mama naye alijifunza. Sasa hamruhusu mtu kugusa mrija bila kunawa mikono, hata mchungaji wetu.

Jana, Sikukuu ya Taifa, Mama alisukuma kigari cha Sunniva kwenye gwaride, mfuko mweupe ukining'inia. Jirani akauliza mtoto anakula nini.

"Samaki!" Mama akajibu, bandari nzima ikasikia. "Kama sisi wote. Ila yeye anapimiwa na daktari."