Bati la Tatu

Kila Jumamosi nilifua sare yangu ya shule kabla ya saa tatu asubuhi, nikaianika uani, kisha nikamwambia mama naenda dukani. Huo haukuwa uongo. Dukani nilienda kweli, ila si kununua sukari. Nilienda kwa Tanveer, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyetengeneza redio na televisheni karibu na stesheni ya reli hapa Nakuru. Nyuma ya kaunta yake palikuwa na mashine ya kunakili kanda, na kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya maboksi ya nyaya, zilikaa kanda za muziki ambao mama aliuita kelele za shetani. Sisi tuliuita metali.

Huo ulikuwa mwaka wa 2007, nami nilikuwa darasa la saba. Mtaani kwetu tulikuwa wapenzi watatu wa muziki huo, na Tanveer alikuwa wa nne. Mimi, Jepkoech, nilipenda thrash, yaani metali inayokimbia, ngoma na gitaa zikifukuzana hadi usijue nani yuko mbele. Naliaka, rafiki yangu wa dawati moja, alipenda doom, ambayo huenda polepole na kwa uzito, gitaa likisikika kama kabati linaloburutwa sakafuni. Zeddy, mvulana wa ploti ya jirani, hakusikiliza kitu ila death metal, ambapo mwimbaji hunguruma mwanzo hadi mwisho. Tanveer mwenyewe alikuwa mtu wa power metal, yenye sauti nyembamba za juu, kinanda, na hadithi za mashujaa na farasi wao. Tulimcheka sana kwa sababu ya wale farasi.

"Hii doom yako ni ya kulaza watoto," Zeddy alimwambia Naliaka siku moja.

"Na huyo wako ana kikohozi," Naliaka akajibu. "Apelekwe hospitali."

"Nyinyi wote hamjui muziki," Tanveer akasema bila kuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa ameifungua. "Sikizeni mtu anayejua kuimba."

Mabishano hayo yote tuliyaandika kwenye daftari moja nene, ambalo Zeddy alilichora fuvu na radi kwenye jalada. Kila kanda ilipewa alama kwa kumi, na aliyetoa alama alilazimika kuandika sababu. Naliaka alikuwa bahili wa alama. Kanda yangu bora kuliko zote aliipa nne, akaandika: "Ina haraka kama mtu aliyeacha uji jikoni." Niliudhika siku mbili nzima.

Kanda zilizunguka nyumba hadi nyumba. Kwa kuwa wazazi wetu hawakutaka kusikia habari za muziki huo, kila mmoja aliandika humo daftarini jina lake kamili na maelezo ya jinsi ya kumfikishia kanda bila kuonekana. Ukurasa wa Naliaka ulisema hivi: "Naliaka Khisa. Ploti ya mwisho kabla ya reli, mlango wa bluu. Ukikuta kufuli usijali. Zunguka nyuma, jikoni kwetu ni kwa mabati. Hesabu kutoka upande wa choo. Bati la tatu halina misumari chini. Lisukume." Mtunzaji wa daftari nilikuwa mimi, na cheo hicho nilikionea fahari sana.

Mwishoni mwa Desemba watu wakapiga kura. Matokeo yalipotangazwa, nchi ikachafuka, na kabla Januari haijaisha moto ukafika Nakuru. Vijana walifunga barabara kwa mawe na magurudumu yanayowaka. Waliuliza watu majina, na jina peke yake lilitosha kumfanya mtu akatwe panga. Sitasema walikuwa wa kabila gani. Niliyoyaona yananitosha: kila upande ulikuwa na mapanga, na kila upande ulizika watu wake.

Siku sita kabla ya siku mbaya kuliko zote, Naliaka alinijia kwetu, uso umemparama.

"Jepkoech, ile daftari iko wapi? Ina majina yetu na njia za kuingia. Ichome."

"Nishaichoma," nikasema.

Akashusha pumzi, akanishika mkono, akaenda zake. Ukweli ni kwamba daftari lilikuwa kwenye droo ya Tanveer, nilikolificha mama asilione. Nilikuwa mvivu wa kulifuata, na tena nilizionea huruma alama zangu zote zile. Nikajiambia nitalichukua kesho. Kesho yake Tanveer alikuwa amefunga duka na kwenda Nairobi na wazazi wake. Nilikuwa na siku sita za kumwambia Naliaka ukweli, na kila siku niliona aibu kuliko jana.

Baba yake, Mzee Khisa, alikuwa fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma. Hakutaka kuhama, kwa sababu mkewe alikuwa amekwenda Mau Narok kuvuna viazi na barabara zikafungwa angali huko. Aliogopa akirudi asiwakute. Ndipo Naliaka alipomfichulia baba yake habari za bati la tatu, ingawa alijua atagombezwa. Mzee Khisa akafunga mlango wa mbele kwa kufuli, akazunguka, akaingia kwa nyuma, akakaa humo kimya na Naliaka na mdogo wake wa miaka minne. Majirani waliamini kwamba wamekimbilia uwanja wa maonyesho, ambako waliofukuzwa makwao walikuwa wamepiga hema. Kabla hawajajificha, Naliaka alituambia mimi na Zeddy tu.

Jumamosi, siku ile mbaya, yapata saa nne asubuhi, Zeddy aliruka ukuta wetu akaanguka kwenye sukumawiki za mama.

"Wamevunja duka la Tanveer," akasema akihema. "Wamebeba kila kitu. Na kuna msee nimemwona na ile daftari, anawasomea wenzake. Si ulisema uliichoma?"

Nilimshika mkono, nikamwinua.

"Walicheka sana waliposoma ile ya bati," Zeddy akaendelea. "Wanapeleka matelevisheni kwao kwanza, halafu wanakuja kuangalia kama ni ukweli. Mimi nakimbia kwa wanajeshi pale njia panda. Wewe ambia mamako."

Nilimkuta mama jikoni akichambua maharagwe huku akiimba kwa sauti ya chini. Mama alikuwa kiongozi wa kwaya, na hakuna aliyeweza kuimba vibaya au kudanganya mbele yake bila kujulikana. Nilijaribu kwanza kupitia pembeni.

"Mama, nafikiri kina Naliaka wako hatarini."

"Si walienda uwanja wa maonyesho?"

Ningeweza kusema nimesikia tu kwa watu. Nilifungua kinywa kusema hivyo, kisha nikakumbuka Naliaka alivyonishika mkono. Nikamwambia mama yote: kanda, duka, daftari, bati, na uongo wangu wa siku sita. Nililia, lakini sikuacha kitu.

Mama alijaribu simu ya Mzee Khisa. Ilikuwa imezimwa. Akasukuma sinia la maharagwe pembeni.

"Bati la ngapi kutoka upande wa choo?"

"La tatu."

"Vaa viatu," akasema.

Njia ambayo hutuchukua dakika tano ilikuwa imegeuka kitu kingine. Paa la duka la mboga lilikuwa linaungua, na mabati yake yalipasuka kwa mlio kama wa bunduki. Mtu mmoja alilala mtaroni, shati limelowa damu, na sikujua kama anapumua. Mama alinifunika macho kwa kiganja, lakini nilikuwa nimeshaona. Mbele yetu vijana saba walikuwa wamepanga mawe barabarani. Mmoja alimwekea mama panga kifuani.

"Mathe, jina? Na mnaenda wapi?"

Mama alitaja jina lake. Kisha akasema, si kwa kelele, bali kwa ile sauti anayotumia kanisani ili mtu wa kiti cha nyuma asikie, "Naenda kuwatoa watoto wasichomwe. Nikate au unipishe."

Kijana yule hakulishusha panga. Nyuma yake, mmoja wa wenzake aliinamisha kichwa. Nilimtambua. Aliwahi kuimba sauti ya tatu kwenye kwaya ya mama.

"Wacha huyo apite," akasema akiangalia chini.

Tulizunguka nyuma ya ploti ya mwisho. Nilisukuma bati, tukaingia jikoni kwa magoti. Mzee Khisa alikuwa amesimama gizani na nyundo mkononi, na nyuma yake Naliaka amemziba mdogo wake mdomo.

"Tokeni sasa hivi, Baba Naliaka," mama akasema. "Wanakuja."

"Mama Jepkoech, hapa ni salama," Mzee Khisa akajibu. "Hakuna anayejua njia hii."

Mama hakunisaidia. Alinitazama tu.

"Wanaijua," nikasema. "Iko kwenye daftari, na wao ndio walio nayo. Sikuichoma. Nilimdanganya Naliaka."

Naliaka alinitazama kama mtu asiyenijua. Mzee Khisa aliiweka nyundo chini, akambeba mwanawe mgongoni, akaiacha mashine yake ya kuchomelea ambayo aliinunua kwa miaka mitatu ya kazi. Tulitoka mmoja mmoja, tukapita kando ya reli tukiwa tumeinama. Hatukuwa tumefika mbali tuliposikia bati likigongwa, kisha kelele za watu, kisha vyombo vikivunjwa. Hawakusumbuka kusukuma. Walilipiga teke hadi likaanguka.

Mtoto akaanza kulia. Mmoja wao alituona, akapiga mbinja, na jiwe likampata Mzee Khisa nyuma ya sikio. Alipiga goti, akainuka, akaendelea kukimbia na damu ikimtiririka shingoni. Mbele kwenye njia panda tuliliona lori la jeshi kutoka kambi ya Lanet, na Zeddy akipunga mikono miwili mbele yake. Askari waliruka chini wakapiga risasi hewani. Wale vijana walirudi nyuma. Tulipopandishwa kwenye lori nilitazama nyuma, nikaona moshi mweusi ukitoka penye mlango wa bluu.

Kwa wiki tatu Naliaka hakusema nami. Kila Jumapili mama na mimi tulipeleka unga na mboga kwenye uwanja wa maonyesho, na kila Jumapili Naliaka aliingia hemani akituona. Mama yake alikuwa ameshafika kutoka Mau Narok, amekonda lakini mzima. Njiani mama aliniambia jambo moja tu: "Huo muziki wako sitaupenda kamwe. Lakini kelele zake hazijachoma nyumba ya mtu."

Jumapili ya nne nilinunua daftari jipya, nikalipeleka. Nilimkuta Mzee Khisa ameketi nje ya hema, kovu likionekana nyuma ya sikio. Alikuwa ameanza kutengeneza majiko ya mkaa kwa mabati yaliyoungua. Nilimwomba msamaha kwa mara nyingine, na Naliaka alikuwa anasikia ndani.

"Keti hapa, Jepkoech," Mzee Khisa akasema. "Ulikosea kwa uongo mdogo, wa neno moja. Uongo huo ulitulaza siku sita penye hatari, sisi tukidhani ni usalama. Tungejua, tungeondoka mapema, na mashine yangu ningekuwa nayo. Halafu ukasema ukweli, mbele ya mamako na mbele yangu, wakati ungeweza kunyamaza. Ndiyo maana watoto wangu wako hai. Mimi nayahesabu yote mawili. Sitakwambia moja limefuta lingine. Ila siku nyingine ukiona aibu kusema ukweli, useme siku hiyo hiyo. Ukichelewa, kuna mwingine atakayelipia."

Naliaka akatoka hemani. Alilichukua daftari kutoka mkononi mwangu bila kuniangalia usoni, akaomba kalamu kwa baba yake. Hakuandika nyumba wala njia. Aliandika jina langu juu ya ukurasa wa kwanza, na chini yake: "Nne kwa kumi."

"Sababu?" nikamwuliza, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu.

"Nne ni kwa sababu ulikuja," akasema. "Sita nimekata. Moja kwa kila siku uliyonyamaza."

Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, akaniachia nafasi ya kukaa.