Nusu ya Picha ya Kiguu na Njia

Nyumbani walimwita Kiguu na Njia, maana hapakuwa na kiti kilichowahi kumshika dakika tano. Alipiga mswaki akitembea, akafanya hesabu akiwa amesimama. Jumamosi moja shangazi yake, mpiga picha za ubongo katika maabara ya chuo, alimpeleka kazini kwake. Huko walikuwa wanachunguza jinsi ubongo wa mtoto unavyoelewa lugha, na watoto kumi na tisa walishapigwa picha. Yeye alikuwa wa ishirini, wa mwisho.

"Vua hereni na vibanio vya nywele," shangazi alisema. "Hii ni sumaku kubwa, haina mzaha na chuma."

"Nikiwashwa je?"

"Utajikuna ukitoka. Kichwa kikisogea, picha inavurugika. Utasikia sentensi. Yenye maana, iache ipite. Isiyo na maana, bonyeza kitufe."

Ndani, mashine iligonga kama mafundi bati kumi. *Paka amekunywa maziwa.* Akaiacha. *Paka amekunywa kiti.* Akabonyeza. Kufikia katikati pua ilimwasha, kisha goti, kisha kisigino. Kichwa hakukisogeza, lakini akili ilishatoka nje kuzurura. Akawa anabonyeza ovyo, ili mradi aonekane yumo.

"Umetulia kama maji ya mtungini!" shangazi alimpokea. "Mwishoni umekosea kidogo, lakini watoto huchoka. Nakuchapia picha ukawaringie wenzako."

Kiguu alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Akakiachia, akakishika tena.

"Shangazi, mashine inaona mtu akidanganya?"

"Haisomi mawazo. Inaonyesha damu inakoongezeka ubongo ukifanya kazi. Basi."

Kwa hiyo hakuna ambaye angejua. Alizunguka meza mara mbili.

"Kuanzia katikati sikusikiliza," alisema. "Nilibonyeza tu."

Shangazi aliweka kalamu chini. "Basi nusu hiyo naifuta. Ukitaka, turudie. Hutaki, twende nyumbani. Sikulazimishi."

"Dakika ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Shangazi, hiyo ni miaka!" Lakini alishaanza kuvua viatu.

Safari hii alisikiliza hadi sentensi ya mwisho. Shangazi alimkabidhi picha ikiwa bado na joto la printa.

"Daktari anayemtibu mtu aliyepoteza usemi huanzia kwenye kazi kama hii," alisema. "Mashine ikikosea, naifungua naitengeneza. Mtu akinificha ukweli, sina bisibisi ya kumfungulia. Lazima ajifungue mwenyewe, kama ulivyofanya."

Shangazi alipoinua macho, Kiguu alikuwa ameshafika ngazini.