Mlango Juu ya Daraja

Kila asubuhi Mideva hukaanga mandazi mbele ya nyumba yake huko Huruma. Ni mama wa maneno mengi na sauti kubwa. Vigelegele vyake husikika hadi ng'ambo ya mfereji. Ndiyo sababu akina mama wa chama cha Tujikaze walimchagua kuwa mwenyekiti wao.

Bintiye, Ayuma, yuko gredi ya tatu. Shule yake iko ng'ambo ya mfereji huo. Mfereji ni mpana, una kina, na maji yake ni meusi. Njia ya kuuvuka ni moja tu, daraja la mbao. Mbao zilikuwa zimeoza, na katikati palikuwa na pengo. Watoto waliliruka pengo hilo mmoja mmoja. Siku za mvua mama zao walisimama kando wakiwatazama, roho mkononi.

Siku moja habari zikaenea kwamba Mheshimiwa Wachira, mwakilishi wadi, atawatembelea Jumamosi. Kweyu, mume wa Mideva, ni kibarua kiwandani. Jumamosi hana ruhusa. Asubuhi hiyo, akifunga kamba za viatu, alimwambia mkewe:

"Mama Ayuma, wewe ndiye utasema. Mwambie juu ya daraja. Hata ukisahau mengine, hilo usisahau."

"Nitasahau vipi? Si mtoto wangu anapita hapo kila siku?"

Akina mama walifagia njia. Walizoa takataka. Walivaa sare za chama. Kisha wakasimama mbele ya daraja, wakatazamana.

"Sasa mgeni atapita wapi?" mmoja akauliza.

"Na vile viatu vyake vinang'aa!" akasema mwingine. "Akiteleza hapa, tutaweka wapi nyuso zetu?"

Hapo Mideva akapata wazo. Wakati huo lilionekana wazo la akili sana. Alikwenda mbio kwa Luseno, fundi wa mbao upande wa Kariobangi.

"Luseno, niazime mlango mmoja. Wa leo tu."

"Mathe, hii mlango ni ya kastama. Anaikujia jioni."

"Jioni utaupata. Kwani mgeni atalala kwetu?"

Akina mama wanne waliubeba mlango. Wakaulaza juu ya pengo. Juu yake wakatandika leso nyekundu na za manjano, hadi daraja lote likapendeza kama sebule ya arusi. Ungewauliza kwa nini, wangekujibu kama walivyofunzwa na mama zao kule magharibi mwa nchi: mgeni haonyeshwi uchafu wa nyumba.

Mheshimiwa akaja. Akapita juu ya leso, taratibu, huku akipunga mkono.

"Mna daraja zuri," akasema.

Vigelegele vikapigwa. Vya Mideva vilizidi vyote.

Kisha Mheshimiwa akamgeukia. "Haya, mama mwenyekiti. Watu wangu wana shida gani?"

Mideva akasimama. Daraja lilikuwa nyuma yake. Neno lilimfika mdomoni. Lakini angelisemaje? Aseme daraja limeoza, na mgeni amelivuka sasa hivi bila hata kuchafua kiatu? Angeonekana mwongo mbele ya watu wote. Akatabasamu.

"Mheshimiwa, sisi hatuna shida kubwa. Ila wakati wa matanga tunahangaika sana na viti. Tukipata viti, tutashukuru."

Msaidizi wa Mheshimiwa akaandika. Jioni Luseno akaja, akachukua mlango wake, akaenda zake. Pengo likabaki palepale.

Kweyu aliporudi nyumbani, alikuwa na swali moja. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia," Mideva akajibu, akainamia sufuria. Ulikuwa uongo wa neno moja tu.

Wiki chache baadaye mvua kubwa ilinyesha. Mideva alikuwa akigeuza mandazi aliposikia watoto wakipiga kelele mferejini. Aliacha mafuta motoni akakimbia. Ayuma alikuwa ameteleza penye pengo, akaangukia kingo za mawe. Wapita njia walikuwa wamemtoa. Alikuwa amelowa maji meusi, na mkono wake wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Hospitalini walimfunga plasta. Kweyu alikaa kando ya kitanda, akitikisa kichwa.

"Na huyu Mheshimiwa tulimwambia! Alikujibu nini siku ile?"

"Alisema... ataona," Mideva akasema. Aibu ikampanda hadi masikioni. Hakuweza kumtazama mumewe, wala mtoto.

Siku waliyorudi nyumbani, lori lilikuwa limesimama mbele ya ploti wanamoishi. Vijana walikuwa wakishusha viti vya plastiki, vyeupe, vipya. Akina mama wa chama walikuwa wakiimba.

"Mama Ayuma!" wakamwita. "Mheshimiwa ametimiza! Viti ulivyoomba vimefika!"

Kweyu alikuwa amembeba Ayuma begani. Akatazama viti. Akamtazama mkewe.

"Viti?" akauliza.

Akaingia ndani na mtoto. Mideva alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwenzake mmoja akamsogezea kiti kimoja akae, naye hakuweza kukikalia.

Jirani yake wa karibu ni Kathini, karani katika ofisi za bunge la kaunti. Jioni hiyo Kathini alikuja kumjulia mtoto hali. Alimkuta Mideva jikoni, redio inasema peke yake. Palikuwa na habari za bunge la taifa. Mbunge mmoja kutoka kaskazini alikuwa akiuliza serikali kuhusu kisima cha watu wake.

"Bwana Spika," ile sauti ilisema, "maji hayo ni ya chumvi na yana harufu. Nimeyanywa mwenyewe. Nilipowatembelea watu wangu, wazee walinijazia kikombe, wakaniambia, kunywa tunachokunywa. Sasa namuuliza Waziri, kisima kipya kitachimbwa lini?"

Mideva akavuta pumzi. "Watu wa kaskazini wana bahati. Wana mtu wa kuwasemea."

"Si bahati," Kathini akasema. "Umesikia walivyofanya? Walimnywesha maji yao mabaya. Hawakumchemshia chai ya maziwa kuficha chumvi."

Mideva akaanza kulia. Akamweleza yote: mlango wa Luseno, leso, viti, na uongo aliomwambia mumewe.

"Mimi ndiye niliyemvunja mtoto mkono, Kathini."

"Hukumvunja mkono. Lakini Mheshimiwa ulimfunga macho. Mficha uchi hazai, Mama Ayuma."

"Nilidhani kazi yake ni kutuletea vitu."

"Hapo ndipo wengi hupotea. Viti alivinunua kwa mapenzi yake, lakini hiyo si kazi tuliyompa. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti na kuchunguza jinsi kaunti inavyotumia fedha zetu. Tena ni kuzisema shida zenu bungeni mpaka serikali ijibu. Atazisemaje kama hazijui? Kila mwaka kabla ya bajeti watu huitwa kutoa maoni. Wewe huendi?"

"Huwa naenda."

"Hufanya nini?"

"Huimba. Tukishapewa soda, twarudi."

Kathini akacheka, kisha akaacha. "Safari hii, sema. Na mwandike ombi kwa bunge la kaunti. Kwa Kiswahili tu. Elezeni daraja liko wapi, limeharibika vipi, na mnataka nini. Wakazi waandike majina na watie sahihi. Mwakilishi wenu anaweza kuliwasilisha, kisha kamati italichunguza."

"Nitasimamaje mbele ya wale watu na aibu hii?"

"Kwa miguu yako."

Usiku huo Mideva alimweleza Kweyu ukweli. "Ungeniambia siku ile," Kweyu akasema, "ningetafuta mbao mwenyewe." Maneno hayo yalimuuma Mideva kuliko matusi.

Siku ya kikao cha maoni ya bajeti, ukumbi ulijaa. Mheshimiwa alipoingia, akina mama wakaanza wimbo, wakangoja kigelegele cha mwenyekiti wao. Hakikuja. Wimbo ukafifia wenyewe. Mideva akasimama, ombi lao lenye sahihi za wakazi mkononi.

"Mheshimiwa, ulipotutembelea nilikudanganya. Daraja ulilosifu lilikuwa mlango wa fundi Luseno."

Watu wakaangua kicheko. Mideva alingoja.

"Jioni mlango ulirudi kwa mwenyewe. Kisha mtoto wangu akaanguka palepale ulipokanyaga."

Kicheko kikakatika.

"Nilikuomba viti, ukaniletea. Hilo ni kosa langu, si lako. Leo sitaki uniamini kwa maneno. Tafadhali, twende ukalivuke."

Walikwenda wote. Hapakuwa na mlango wala leso. Mheshimiwa alikanyaga ubao wa kwanza, ukalia. Penye pengo mguu wake uliteleza, kiatu kikazama kwenye tope. Mideva akamdaka mkono.

"Mama, mbona hamkuniambia?"

"Tuliona aibu."

Mheshimiwa akatazama chini kwenye maji meusi. "Na mimi je? Nilisifu mlango," akasema polepole. "Sikuuliza hata watoto hupita wapi."

Alilipeleka ombi kwenye bunge la kaunti. Kathini ndiye aliyewaletea maneno yake: "Bi Spika, daraja hilo nimelivuka mwenyewe, na soksi zangu ni shahidi." Kweyu akacheka, mara ya kwanza tangu ajali. Kamati ikaja, ikapima, ikauliza maswali. Mambo hayakwenda haraka. Mara mbili akina mama walikwenda kuuliza ombi lao limefika wapi, wala hawakubeba wimbo. Hatimaye fedha zikatengwa kwenye bajeti, na mafundi wakafika na saruji na vyuma.

Siku daraja lilipofunguliwa, mama mmoja alikuja na leso begani.

"Mwenyekiti, tutandike?"

"Kunja leso yako, mama," Mideva akamwambia. "Wacha lionekane."

Watoto wakavuka wakikimbia, wakishika vyuma vya pembeni. Ayuma alifika ng'ambo, akageuka, akampungia mama yake kwa mkono wa kulia. Mkono huo ulipona, lakini haukunyooka tena sawasawa. Akina mama wote walimtazama Mideva, wakingoja kigelegele. Hakukipiga. Akainua mkono wake mzima, akampungia.